Ukarabati Uanzie Uani

Nina ugomvi na ukarabati wa nyumba unaofanywa siku hizi katika vijiji vyetu vya mwambao wa Ziwa Nyasa, na nitausema ugomvi huo waziwazi. Tunakarabati nyumba kwa ajili ya mtu asiyeishi ndani yake. Tunamkarabatia yule atakayekuja kukaa sebuleni kwa saa moja, anywe soda, asifu, kisha aende zake. Huyo ndiye aliyenunuliwa marumaru. Huyo ndiye aliyetundikiwa taa ya vioo darini, na ndiye aliyechaguliwa bomba linalong'aa kama kijiko cha harusi. Nyuma ya nyumba hiyo hiyo, hatua kumi kutoka mlango wa uani, mama anapika juu ya mafiga matatu ndani ya kibanda kisicho na dohani, na binti anapanda kutoka ziwani na ndoo kichwani. Hao wawili hawakuulizwa neno.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito mkubwa. Tulipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbinga, kabla ya Wilaya ya Nyasa kuundwa mwaka 2012, mtu wa Chiwanda aliyetaka kurekebisha nyumba yake alikuwa na machache ya kuchagua: nyasi au mabati, tofali mbichi au za kuchoma, komeo au kitasa. Vifaa vilipaswa kuteremshwa milima ya Umatengo kwa barabara ya udongo, au kusubiri meli. Hali hiyo imepita. Mwaka 2018 njia kuu ya umeme kutoka Makambako ilifika Songea, na Mkoa wa Ruvuma ukaunganishwa na gridi ya Taifa. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umeendelea kusambaza nguzo na nyaya. Kilomita 66 za kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay zimetiwa lami. Friji, sinki, choo cha kukaa, jiko la gesi, vyote vinaweza kupakiwa lorini Songea alfajiri na kufika kwetu kabla ya usiku. Tumepata nafasi ya kuchagua, na kwa hiyo tumepata pia nafasi ya kuchagua vibaya kwa fedha nyingi.

Mimi nashika kanuni moja, nayo ni hii: kila kifaa unachokiingiza nyumbani ni mlaji. Kinakula maji, au kinakula umeme, au kinakula gesi, na vyote bila ubaguzi hula vipuri. Basi kabla ya kutoa fedha, muulize muuza duka, mwulize fundi, na zaidi ya wote jiulize mwenyewe maswali matatu. Kinakula nini, na ni nani atakayekibebea chakula hicho? Kikiugua, ni nani hapa Chiwanda au Mbamba Bay atakayekitibu, na kwa kipuri gani? Na la tatu, kitampunguzia nani kazi? Kifaa kisichomtua mtu yeyote mzigo ni pambo. Pambo si dhambi, lakini lingoje zamu yake.

Tuanze na choo, kwa kuwa ndipo fahari yetu inapotuumbua zaidi. Choo cha kukaa chenye tanki la kuvuta maji la aina ya zamani humwaga lita 9 au zaidi kila linapovutwa. Chukua nyumba ya watu sita, kila mmoja akienda mara tano kwa siku. Hizo ni mara 30, sawa na lita 270. Mahali ambapo bomba la kijiji linatoka kila siku bila kukosa, sina la kusema. Lakini pale ambapo bomba halijafika nyumbani, au linatoka leo na kulala kesho, lita 270 ni ndoo kumi na tatu na nusu za lita 20. Ndoo moja iliyojaa ina uzito wa kilo 20. Atakayeibeba ni binti wa darasa la sita au mama yake, kutoka kwenye ziwa ambalo sote tunajua lina mamba na lina kichocho. Ati hayo ndiyo maendeleo: kumwongezea mtoto safari za ziwani ili choo kipate kunywa!

Naijua nyumba moja katika mwambao huu. Mwenyewe anafanya kazi mjini, na kwa nia njema kabisa aliwatumia wazazi wake choo cha kauri, sinki na mabomba. Fundi alivifunga vyote, vikapendeza. Leo choo kile kina kufuli. Ufunguo hutolewa akija mgeni, na maji huteka wajukuu siku hiyo. Siku nyingine zote wenye nyumba, pamoja na bibi mwenye magoti mabovu, hutembea hadi choo cha shimo nyuma ya migomba. Nani aliyefaidika na fedha zile?

Ipo njia ya katikati ambayo mafundi wengi hawaitaji kwa sababu haina faida kubwa dukani. Ni choo cha kumwagia maji kwa kopo, chenye bakuli la shingo iliyopinda inayobakiza maji ndani. Maji yale ya shingoni huzuia harufu na inzi sawasawa na choo cha kifahari, na lita 2 hivi hutosha kusukuma uchafu. Watu wale wale sita, mara zile zile 30, watatumia lita 60, yaani ndoo tatu. Na kama kuna mzee asiyeweza kuchuchumaa, yapo mabakuli ya kukaa yanayomwagiwa maji kwa kopo vilevile. Heshima ya mzee imo katika kiti na katika ukuta wa kushika, haimo katika tanki. Fedha utakazookoa zitumie kuweka shimo mahali panapofaa, angalau mita 30 kutoka kisimani, maana karibu na ziwa maji ya ardhini hayako mbali, na mchanga wetu haujui kutunza siri.

Hilo la shimo linanikumbusha jambo. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Waliohubiriwa siku zile waliambiwa habari ya afya ya wenye nyumba, na hakuna aliyeambiwa achimbe choo ili jirani amwonee wivu. Tumepata umeme na lami tangu hapo, lakini sina hakika kama tumepata akili zaidi ya ile.

Sasa mabomba. Madukani utaonyeshwa bomba la mkono mmoja linalochanganya maji moto na baridi. Ni zuri kwa macho. Ndani yake mna visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, na adui wao mkubwa ni mchanga. Maji yanayovutwa ziwani au mtoni bila kuchujwa huja na mchanga, mchanga hukwaruza visahani, bomba huanza kudondosha, na kipuri chake huwa cha kiwanda kile kile kilicholitengeneza. Bomba la kawaida la shaba lenye raba ndani halina sura ya kujivunia, lakini likidondosha, fundi wa kijiji atalifungua kwa spana moja na kulitia raba mpya. Nimeona likifanya kazi hata kwa raba iliyokatwa kwenye kandambili. Wala tusidharau kudondosha: tone moja kila sekunde hufikia karibu lita 20 kwa siku. Ni ndoo nzima, na tumekwisha kusema ndoo inatoka wapi na kwa kichwa cha nani.

Kisha kuna nguvu ya maji. Maji hayana nguvu kwa sababu bomba ni la bei. Nguvu yake, ikiwa unategemea tanki lako mwenyewe, hutokana na urefu wa tanki hilo kutoka bombani. Mita 10 za kimo hutoa nguvu inayoitwa baa moja. Tanki lililowekwa juu ya mnara wa mita 3 hutoa kama sehemu tatu tu za kumi za baa, na mabomba mengi ya kisasa yametengenezwa kwa maji ya mjini yenye nguvu zaidi ya hapo. Ndiyo maana mtu hununua bomba la bafuni la gharama, akafungua, akapata machozi. Kabla ya kununua bomba, inua tanki. Fedha ya mnara haionekani sebuleni, lakini ndiyo inayooga.

Nikitaja kuoga, sharti niseme habari ya shawa ya umeme inayochemsha maji papo hapo. Huu ni ugonjwa tulioambukizwa kutoka milimani. Mbinga mjini wana baridi ya kweli, na asubuhi ya mwezi wa saba simlaumu mtu wa huko kwa kutaka maji ya moto. Sisi tuko ziwani, mita zipatazo 475 tu juu ya usawa wa bahari. Joto letu linatosha kututoa jasho tukiwa tumeketi. Lakini kwa kuwa nyumba ya fulani kule Mbinga inayo, nasi tunaifunga.

Hebu tupige hesabu. Shawa ya wati 5,000 ikitumika dakika 10 inakula uniti 0.83. Watu wanne kila siku ni uniti zaidi ya 3, na kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 100. Bei za TANESCO zilizotangazwa mwaka 2016 ziliweka daraja la mteja mdogo, D1, anayelipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, kwa uniti 75 za mwanzo za mwezi. Kila inayozidi hapo ikatozwa shilingi 350. Shawa peke yake, basi, kabla balbu moja haijawaka, inakutoa ndani ya kivuli cha mteja mdogo na kukuweka juani. Kwa bei hizo ni shilingi 16,250 kwa mwezi za kupasha moto maji katika nchi ya joto. Ndoo iliyoachwa juani tangu asubuhi ingefanya kazi hiyo bure kwa mtoto na kwa mgonjwa. Zaidi ya hayo, kifaa kinachokutanisha umeme na maji juu ya kichwa cha mtu aliye uchi hakitaki waya wa ardhini wa kubahatisha. Nyumba nyingi waya huo umechomekwa mchangani kwa kutimiza wajibu tu. Mfunge umeme wa nyumba yako fundi mwenye leseni ya EWURA, na umtake aupime waya wa ardhini mbele yako.

Taa nazo zina hesabu yake. Balbu tano za zamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 45 kwa mwezi. Taa tano za LED za wati 9, kwa saa zile zile, hula uniti 7 hivi. Tofauti ya uniti 38 inatosha kulisha friji ndogo kwa mwezi mzima. Na zile taa za mapambo zenye mikono sita na vioo vinavyoning'inia? Mnawajua wadudu wetu wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi na kusukumwa na upepo hadi majumbani. Mwenye taa ya vioo arobaini atafuta vioo arobaini. Nasema "atafuta" kwa ulegevu wa lugha tu, maana baba mwenye nyumba hatafuta hata kimoja.

Friji silipingi. Katika kijiji cha wavuvi friji ni kifaa cha kazi kweli, na mama anayeuza barafu, maji baridi au samaki anaweza kulilipia kwa faida yake. Ninachopinga ni kuchagua friji kwa kimo na kwa milango. Chagua kwa njaa yake: soma karatasi iliyobandikwa, uone linakula umeme kiasi gani kwa mwaka, ugawe kwa 12. Kama kusudi ni biashara ya samaki na barafu, friza la kulala linalofunguliwa kwa juu ni bora kuliko la kusimama, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito na haimwagiki unapofungua kifuniko; umeme ukikatika nalo hubaki na baridi kwa muda mrefu zaidi. Na kabla ya chochote, nunua kile kikasha cha kulinda friji, ambacho umeme ukirudi hungoja dakika chache kabla ya kuuruhusu upite. Umeme unaokatika na kurudi ghafla huua mashine ya friji haraka kuliko uzee.

Nimeliacha jiko mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndipo uonevu ulipojificha. Ingia katika nyumba iliyofungwa umeme juzi, uhesabu soketi. Utakuta sebuleni nne, chumbani mbili, barazani taa ya kuwavutia wapita njia. Sasa toka uani. Kibanda cha jikoni hakina waya hata mmoja. Mwanamke anakoroga ugali wa mhogo usiku kwa mwanga wa tochi ya simu, katika nyumba inayosemekana ina umeme. Aliyechora ramani ya nyaya ile alikuwa mwanamume, na aliyemwelekeza mahali pa kuweka soketi alikuwa mwanamume mwenzake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulihusika na vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mwezi Mei 2024 Serikali yetu ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, kwa lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mkakati ni mzuri, lakini Serikali haitakuja kuamua mahali pa soketi katika nyumba yako. Hilo ni lako. Pitisha waya hadi jikoni kwanza: taa moja na soketi mbili, na fyuzi yake. Hapo sufuria la umeme la presha litapikia nusu kilo ya maharage kwa chini ya nusu uniti, na kuni za saa mbili zitabaki msituni.

Ukichagua gesi, chagua kwa sufuria ya nyumba yako. Jiko la mezani la kioo halikutengenezwa kwa mkono unaosonga ugali wa watu wanane. Linateleza, na kioo kinapasuka. Nunua jiko fupi la chuma lenye miguu mipana na ukingo wa kushika sufuria. Hakikisha kichwa cha kufungulia gesi kinalingana na mtungi unaopatikana Mbamba Bay bila kukosa, kwani mitungi ya kampuni mbalimbali haina midomo sawa. Acha tundu la hewa chini ya ukuta, karibu na sakafu, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hulala chini ikingoja kiberiti. Na kama fedha hazitoshi kwa gesi wala umeme, jenga jiko la udongo lenye dohani. Dohani haina brandi na haina mng'ao, lakini italitoa koo la mama katika moshi.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa, "Mwalimu, unataka tubaki nyuma. Watu wa Dar es Salaam wana vitu vizuri, sisi tumekatazwa?" Hasha. Simkatazi mtu marumaru wala taa ya mikono sita. Ninachokataa ni utaratibu wa kuvinunua kabla ya dohani. Nitaambiwa pia kwamba mgeni ni baraka, na wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sawasawa! Walisema mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji abebe ndoo kumi na tatu. Na wapo watakaosema fedha ni zao. Fedha ni zako, ndugu yangu, lakini mgongo unaolipa gharama ya kila siku si wako.

Kwa hiyo nasema hivi kwa yeyote anayekusudia kukarabati mwaka huu, awe hapa Chiwanda au awe mjini akituma fedha kwa wazazi. Usianze na orodha ya fundi. Kaa na wanaofanya kazi za nyumba hiyo, uwaulize ni kazi ipi inayowachosha kuliko zote, na uandike watakavyosema. Aghalabu orodha itatoka hivi: maji karibu na nyumba, na mfereji wa bati wa kukinga mvua kama bomba hakuna, moshi utoke jikoni, choo safi ambacho bibi anaweza kukitumia usiku, taa jikoni na njiani kwenda chooni, kisha friji, kama kuna biashara ya kulilisha. Baada ya hayo, fedha ikibaki, nenda sebuleni ukapambe upendavyo.

Mgeni wako akija akakuta sakafu ya saruji, kiti safi, na mwenyeji asiyekohoa, ataishi. Nawe usione haya kumpitisha mlango wa nyuma ukamwonyeshe ulikoanzia.